Kabla Hujawasha Kamera Danguroni: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Kila mwaka vijana huniletea maandiko ya filamu wanazotaka kutengeneza, na kila mwaka hakosekani mmoja anayetaka kwenda danguroni na kamera. Nikifungua ukurasa wa kwanza najua nitakachokuta: usiku, lami iliyolowa mvua, viatu virefu vinagonga chini, taa za gari zinapita kwenye mapaja. Halafu sauti nzito ya mwanamume inaanza kusikitika. Wa mwaka huu aliwazidi wenzake kwa ujasiri. Alitaka kuonyesha biashara ya ngono katika nchi tatu zenye tamaduni tatu, na kwa kazi yote alitenga wiki tatu, safari zikiwemo.

Simkatazi mtu. Filamu za makala za namna hiyo zipo, chache nzuri, nyingi za aibu, na nyingine ni nzuri na za aibu kwa wakati mmoja. Ila nimechoka kurudia maneno yaleyale juu ya kikombe cha chai, kwa hiyo nayaandika hapa. Atakayeyaona makali mno atafute mada nyingine. Mbuga za wanyama bado zinapigwa picha.

Tazama Whores' Glory mara mbili kabla hujaandika sentensi.

Ni filamu ya mwaka 2011 ya Michael Glawogger, Mwaustria aliyefariki Liberia mwaka 2014 kwa malaria, akiwa safarini kwa ajili ya filamu nyingine. Mara ya kwanza itazame kama mtazamaji yeyote. Ina sehemu tatu. Bangkok, wanawake wameketi nyuma ya kioo wakiwa na namba, na wanaume wanachagua wakiwa upande wa pili. Mahali penyewe panaitwa Tangi la Samaki. Faridpur, Bangladesh, ni jengo lenye vyumba na ngazi na vibaraza, limejaa wanawake na wasichana wanaowavuta wateja kwa mkono. Reynosa, Mexico, mpakani na Marekani, wanaume wanazunguka polepole na magari yao mbele ya milango iliyo wazi. Hakuna msimulizi. Hakuna mtaalamu aliyeketi mbele ya rafu ya vitabu.

Mara ya pili itazame ukiwa na kalamu, uhesabu dakika ambazo watu hawafanyi lolote ila kusubiri. Wanapaka poda, wanakula, wanagombania mteja, wanachekana, wanaomba. Bangkok wanafumba mikono mbele ya madhabahu kabla ya kuingia kazini. Reynosa wapo wanaomwomba Santa Muerte, mtakatifu wa mifupa mitupu ambaye Kanisa Katoliki halimtambui. Faridpur dua ni za Kiislamu. Glawogger hazifanyii dua hizo mzaha wala hazigeuzi pambo. Anaziacha pale zinapokaa katika siku ya kazi, kama dereva wa lori anavyosema bismillahi kabla hajawasha injini.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalioni. Filamu hii ni ya tatu katika mfululizo wake. Kabla yake kulikuwa na Megacities ya mwaka 1998, kisha Workingman's Death ya mwaka 2005, ambayo ilimpeleka kwa wachimba makaa wa Ukraine, wabeba salfa kwenye volkano ya Indonesia, wachinjaji wa Port Harcourt na wakata meli chakavu wa Pakistan. Alitoka kwa wachinjaji akaingia madanguroni bila kubadilisha macho. Aliyezoea kutazama watu kazini aliendelea kutazama watu kazini. Wewe unayekuja na macho ya mhubiri, au ya daktari, au ya kijana aliyetoroka nyumbani usiku, jiulize kwanza umetokea wapi.

Usiandike neno "utamaduni" mpaka uwe umeuliza kodi ya chumba.

Nchi tatu za Glawogger zinatofautiana kwa lugha, kwa dini, kwa chakula. Lakini ukitaka kujua kwa nini msichana wa Faridpur haondoki, na kwa nini wa Bangkok anamaliza zamu akaenda mjini kustarehe kwa fedha yake, hutajibiwa na mavazi wala ngoma. Faridpur kuna "mama" aliyemnunua msichana na anataka fedha yake irudi. Deni ndilo kufuli la mlango. Bangkok kuna mwajiri, zamu, namba na mgawo. Reynosa mwanamke anainama kwenye dirisha la gari na kupatana bei mwenyewe. Onyesha hela inaanzia mfukoni mwa nani, inapita mikono mingapi, na inalala wapi. Ukifanya hivyo utamaduni utajionyesha wenyewe, bila wewe kuupigia tarumbeta.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna udhuru wa kutojua hili, kwa sababu bibi zetu walikwisha kulipanga kwa majina. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wanawake wazee wa Pumwani, Nairobi, katika miaka ya 1970, na kitabu chake, The Comforts of Home, kikatoka mwaka 1990. Wanawake wale walitenganisha kazi yao ya enzi za mkoloni katika namna tatu. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Malaya walibaki ndani ya vyumba vyao, mteja akabisha hodi, akapata chai, maji ya kuoga, chakula na maongezi, na kila kitu kikawa na bei yake. Wazi-wazi waliketi nje ya milango yao wakitaja bei kwa sauti. Hao walianza kuonekana miaka ya 1930, na wengi walikuwa Wahaya waliotoka Bukoba.

Sasa soma tena, lakini ufuate hela. Malaya wengi walikuwa wanaweka akiba ili wajenge nyumba mjini na wawe wenye nyumba wenyewe, na baadhi walifanikiwa. Wazi-wazi walipeleka fedha Bukoba kwa baba zao, kunusuru mashamba ya kahawa ya ukoo. Anayehitaji fedha upesi kwa ajili ya shamba la baba yake hawezi kukaa ndani akichemsha chai kwa mgeni mmoja. Anakaa mlangoni na kutaja bei. Mtengenezaji mvivu angepita Pumwani mwaka 1938 na kuandika kwamba Wahaya hawana haya. Mwenye akili angeuliza bei ya kahawa.

Usimwite kwa jina asilojiita.

Neno malaya, ambalo kwa wazee wa Pumwani lilitaja namna moja ya kufanya kazi, leo ni tusi. Kahaba ni neno la mimbarani. Changudoa lina samaki na waa ndani yake, na aliyelitunga hakuwa na nia njema. Dada poa limeingia juzi na lina ucheshi kidogo, ila wapo wanaolichukia. Mfanyakazi wa ngono ni la semina na posho; wengine wanalishika kwa nguvu kwa sababu lina neno "mfanyakazi" ndani, wengine wanaliona la wageni. Muulize. Akisema "mimi nafanya biashara," basi filamu yako nzima itasema anafanya biashara.

Kumbuka kwamba wewe pia ni mteja.

Hili ndilo ninalotaka ulikariri hata kama utasahau mengine yote. Mwaka 1991 Mwaustralia Dennis O'Rourke alitoa The Good Woman of Bangkok. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Akaenda Bangkok, akamnunua mwanamke mmoja wa mtaa wa Patpong kama mwanamume yeyote anavyonunua, kisha akawasha kamera. Anamhoji kitandani, anamhoji kupitia kioo. Mwanamke yule anaongea kwa uchovu wa mtu ambaye amekwisha kuwasikia wanaume wengi wapole. Mwishoni O'Rourke anamnunulia shamba la mpunga, kwa matumaini kwamba ataiacha kazi. Baada ya mwaka anarudi na kumkuta mjini, kazini tena.

Watu walimshambulia, na walikuwa na sababu. Mimi mwenyewe siwezi kuipendekeza filamu ile bila kukunja uso. Lakini kuna kitu kimoja alichokifanya hadharani ambacho wenzake hukifanya kwa siri: alikiri kwamba anakuja na fedha, anachukua muda na mwili wa mtu, anaondoka na kitu atakachokiuza kwingine kwa bei kubwa zaidi. Wewe hutalala naye. Hilo halikutoi kwenye foleni. Umekuja usiku, umechagua mmoja kati ya kumi kwa sababu uso wake unapokea mwanga vizuri, umemwambia ageuke kidogo, umemaliza, umeondoka. Mwenzako wa jana naye aliahidi atarudi.

Kwa hiyo lipa. Lipa muda, usilipe hadithi.

Saa moja mbele ya kamera yako ni saa moja bila mteja, na mwenye nyumba hapokei shukrani kama kodi. Uliza anapoteza kiasi gani, umlipe hicho, umlipe kabla, na kiwango kiwe kimoja kwa wote. Usiongeze kwa aliyelia. Ukiongeza kwa aliyelia mara moja tu, kesho yake jengo zima litakuwa linalia, na utakuwa umeongoza maigizo. Usimlipe mwenye danguro peke yake ukaamini kwamba umewalipa wanawake. Na ndani ya filamu, sema ulilipa.

Usimnunulie cherehani. Najua moyo wako ni mwema. Kila mradi uliowahi kuja kuwaokoa wanawake hawa ulikuja na cherehani, na mitaa mingine ina mafundi cherehani wengi kuliko nguo za kushona. Kama lile shamba la mpunga halikutosha kukufundisha, sina la kuongeza.

Usiamini ukungu wa kompyuta.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana, niliajiriwa kama mkalimani na kikundi kilichokuja kupiga picha katika gesti moja ya mji wenye bandari. Sitautaja mji wala kikundi. Mwanamke tuliyempata alikuwa na miaka kama 30, mcheshi, mwenye majibu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba uso wake usionekane. Mimi ndiye niliyeitafsiri ahadi, tena niliipamba, kwa sababu niliiamini: nilimwambia hata mama yako hatakutambua.

Uso haukuonekana. Waliufunika kwa ukungu, kazi safi kabisa. Lakini nyuma yake, msumarini, ilining'inia kanga, na maandishi ya kanga yakasomeka herufi kwa herufi. Kaka yake ndiye aliyemnunulia doti ile. Kaka aliiona filamu kwa rafiki yake, akasoma kanga, akasikiliza cheko, na hakuhitaji uso. Niliporudi miezi kadhaa baadaye, chumba kilikuwa na mpangaji mwingine. Jirani akaniambia dada amehama baada ya ugomvi na ndugu zake, akanitazama kwa muda, akaniuliza, "Si wewe ndiye uliyekuja na wazungu?"

Nilipowaandikia wenye filamu hawakujibu. Mkataba wao ulisema uso, na uso walikuwa wameufunika.

Kwa hiyo ondoa kanga. Ondoa kalenda ya duka la mtaa ukutani, ondoa sare ya shule ya mtoto iliyoanikwa. Angalia kovu, hina, pete, jino la pengo. Sauti ibadilishwe, au maneno yake yasomwe na mtu mwingine. Piga mikono, ila siyo yenye kovu. Ahadi ya "haitaonyeshwa huku" ilikufa siku simu ya kwanza yenye intaneti ilipoingia mtaani. Asikudanganye mtu nayo, na wewe usimdanganye mtu nayo. Wapo watakaokwambia nataka uso wangu uonekane, sina ninachoficha. Wape siku saba wafikirie, kisha waulize tena wakiwa hawajanywa na mwenye nyumba hayupo.

Ridhaa iombwe mara tatu.

Kabla ya kupiga, baada ya kupiga, na baada ya kuhariri, akiwa ameiona filamu yenyewe. Fomu isomwe kwa sauti, kwa lugha anayoitumia kugombana. Akisema toa, unatoa, hata kama ndicho kipande kitakachokupeleka kwenye tamasha.

Watoto: hapana.

Mlango ukifungwa, ubaki umefungwa.

Katika sehemu ya Reynosa, Glawogger anaingia chumbani na kamera inabaki humo mteja akiwa kitandani. Wapo wahakiki walioona ndiyo kilele cha ukweli. Mimi naona ndipo mtu aliyekuwa amesubiri vizuri kwa zaidi ya saa moja aliposhindwa kusubiri. Kila kitu ambacho kipande kile kinatuambia, tulikwisha kuambiwa mlangoni, kwenye bei. Filamu ilipata tuzo maalumu ya majaji katika kitengo cha Orizzonti pale Venice, na ilistahili, ila si kwa sababu ya kitanda.

Piga picha saa 4 asubuhi.

Usiku kila mtu amevaa kwa ajili ya mteja, na kamera yako itaona anachokiona mteja. Saa 4 asubuhi kuna ndoo, sabuni ya mche, uji, nywele zinafumuliwa, mchango wa kikoba, simu ya mwalimu anayedai ada. Kuna kuchekana kwingi. Kiache kicheko ndani. Wahariri wengi hukikata kwa kudhani kitapunguza huruma ya mtazamaji, ilhali mtazamaji akishamcheka mteja pamoja nao, hatawasahau tena. Na kwenye maandishi ya chini usiwafanye waseme Kiswahili cha taarifa ya habari. Kama ni lugha ya mtaani, tafsiri iwe ya mtaani.

Mlete mteja ndani ya fremu.

Katika maandiko yote niliyosoma, mteja ni kivuli, mgongo, mkono wenye saa. Mwanamke anamulikwa mpaka vinyweleo, mwanamume analindwa na giza, na hakuna hata mmoja aliyeniandikia kwamba hilo lilimsumbua. Glawogger aliwapa wateja wa Bangkok kiti na wakaongea: wanalinganisha namba, wanaeleza wanachokipenda, wanajieleza kwa utulivu wa watu wanaochagua chakula. Ni vipande vinavyotia kichefuchefu zaidi ya vyote, na hakuna aliyevuliwa nguo. Kama huwezi kumpata mteja hata mmoja atakayeongea, huna filamu bado. Vilevile polisi, mwenye gesti, bodaboda anayewaleta, na mwenye duka la dawa.

Usipande karandinga.

Unajua ninachosema. Kuna doria usiku, mkuu fulani ametangaza vita, na kamera za televisheni zimealikwa. Wanawake wanafunika nyuso kwa mikono huku mwandishi akiwasogezea kinasa sauti kuwauliza hamna aibu. Aliyepiga picha zile hakupiga filamu ya makala. Alikuwa sehemu ya doria.

Jifunze sheria ya kila mahali unapokwenda, kwa sababu picha zako ni ushahidi.

Sweden tangu mwaka 1999 inamshtaki anayenunua, haimshtaki anayeuza. New Zealand iliifanya kazi hii kuwa halali mwaka 2003. Senegal ina daftari la wanawake hawa na kadi za afya tangu mwaka 1969. Bangladesh, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi mwaka 2000 uliowapa kinga baada ya wanawake wa danguro la Tanbazar kutimuliwa usiku mwaka uliotangulia. Huku kwetu mwanamke anaweza kubebwa kwa shitaka la uzururaji, na kondomu mkobani ikageuzwa kidhibiti. Maana yake ni kwamba kadi ya kumbukumbu iliyomo kwenye kamera yako ni faili la kesi. Weka majina mbali na sura. Funga faili kwa nywila. Usipige kwa simu inayohifadhi mahali ulipo.

Usijifanye umewagundua.

Born into Brothels ilipata Oscar mwaka 2005. Zana Briski na Ross Kauffman waliwapa kamera watoto wa Sonagachi, Kolkata, na picha walizopiga watoto wale ni nzuri kweli. Ila ukimaliza kuitazama unabaki na picha ya mtaa wa giza ambamo mgeni mmoja ndiye mwenye taa. Wakati ule Sonagachi palikuwa na Durbar, umoja wa wanawake wenyewe ulioanzishwa mwaka 1995, uliotokana na mradi wa afya ambao Dk. Smarajit Jana aliuanza mwaka 1992. Walikuwa na ushirika wao wa kuweka na kukopa, ili wasikamuliwe na wakopeshaji wa mtaani. Walikuwa na waelimishaji wanaopita mlango kwa mlango. Hawamo kwenye filamu. Durbar walilalamika kwamba wamechorwa kama mama wasiojali watoto wao, na sioni jinsi ya kuwabishia.

Kabla hujafika popote, uliza nani amekutangulia. Kenya wanawake hawa wana muungano wao, wanatoa matamko, wanaandamana. Majengo, Nairobi, kuna wanawake waliofuatiliwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba tangu katikati ya miaka ya 1980, baada ya kuonekana kwamba baadhi yao hawaambukizwi VVU ingawa wamekutana navyo mara nyingi. Utafutaji wa chanjo duniani una deni kwao. Damu yao imesafiri nchi ambazo wao hawatapewa viza. Ukienda pale na daftari na kuuliza "ulianzaje kazi hii," utajibiwa vizuri, kwa mpangilio mzuri, kwa sababu jibu hilo limekwisha kutolewa mara mia. Uliza kitu kingine. Uliza nani amestaafu na anaishi vipi.

Fikiria siku ambayo wewe hutakuwepo.

Mwaka 2004 Mwaustria mwingine, Hubert Sauper, alitoa Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza. Watu wanaikumbuka kwa sangara, kwa mapanki, kwa ndege kubwa za mizigo na swali la kama zilikuja na silaha. Mimi naiweka kwenye orodha hii kwa sababu ya wasichana waliokuwa wakiwasubiri marubani. Mmoja wao anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania, kwa sauti nyembamba, akiwa amezungukwa na wanaume wageni. Kabla filamu haijakamilika akauawa na mteja, Mwaustralia. Wenzake wanaonyeshwa wakitazama picha zake akiwa hai.

Filamu ikashindania Oscar, ikapata César nchini Ufaransa mwaka 2006. Mwaka huohuo Rais Kikwete akaikemea hadharani kwamba inaichafua nchi, na Mwanza kukafanyika maandamano ya kuipinga. Waliokuwa wamemsaidia mgeni yule au kuongea mbele ya kamera yake walibaki hapahapa, na baadhi wakasumbuliwa. Sauper alikuwa Ulaya. Sisemi alikosea kuitengeneza. Naiona ni filamu kubwa, pamoja na mapengo yake. Nasema kwamba katika kelele zote zile tulibishana miezi mingi kuhusu minofu na mifupa ya samaki, kuhusu silaha, kuhusu sifa ya taifa, na yule binti aliyeiimbia nchi sifa hizohizo hakupata hata aya moja kwenye hotuba.

Kwa hiyo andika kwenye bajeti yako fungu la baada ya filamu: nauli ya mkalimani akihitaji kuondoka mjini, wakili anayejua jina la kila aliyeonekana, simu ambayo itapokelewa mwaka mmoja baada ya onyesho. Kama mfadhili atakwambia fungu hilo halipo kwenye fomu, mwambie aliweke. Akikataa, usiende.

Na rudi na filamu. Ionyeshe palepale ulipoipiga, ukutani, kwa shuka jeupe, kabla ya tamasha lolote la Ulaya. Utatukanwa kidogo. Keti usikilize.

Yule kijana wa nchi tatu nilimrudishia maandiko yake na swali moja tu limeandikwa pembeni ya viatu virefu: kodi ya chumba ni shilingi ngapi kwa siku? Alinuna, akaaga, hakupiga simu kwa muda. Wiki iliyopita alirudi. "Shikamoo mwalimu," akaweka karatasi mezani. Viatu vimeondoka. Ukurasa wa kwanza sasa una mwanamke anafua, saa 4 asubuhi, na mwenye nyumba anagonga mlango kudai kodi ya jana. Kiasi kimeandikwa, na pembeni yake kiasi anachotozwa mpangaji wa kawaida kwa chumba cha ukubwa uleule. Nchi bado ni tatu. Nimemwambia apunguze mbili.